Koti Chini ya Shuka

Fundi alikuwa na kanuni moja iliyomlisha miaka ishirini na miwili: nguo isiyojaribiwa mwilini si nguo, ni kitambaa chenye mashimo. Mteja aje na haraka zake zote, atavaa, atanyanyua mikono kama aliyetekwa, naye Fundi atamzunguka na pini mdomoni mpaka aridhike yeye, si mteja. Walikuwepo waliohamia kwa mafundi wengine kwa kuchoka kusimama. Wengi walirudi, makwapa yamewabana, na Fundi aliwapokea bila neno ila kicheko kidogo cha puani.

Ndiyo maana wiki hiyo mtu angeshangaa kumkuta amejifungia ndani mchana kweupe, na kwenye msumari wa juu kabisa wa ukuta kumetundikwa kitu kirefu kilichofunikwa shuka la maua.

Chini ya shuka kulikuwa na koti. Mwenye koti alikuwa mpanga vifurushi wa posta, mtu mrefu wa kuinama kila mlango, ambaye mtaa mzima ulimwita Mnara. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Madukani hapakuwa na koti la kumtosha, basi akaleta matatu ya marehemu wake: la baba yake, la baba yake mkubwa na la mjomba wake, yote meusi. "Niunganishie moja, Fundi," alisema. "Nisimame nao siku hiyo."

Kazi ile ilimpa Fundi usingizi mtamu siku tisa. Kifua alikitoa kwa baba, mgongo kwa baba mkubwa, mikono kwa mjomba. Mishono ilinyooka kama mstari wa daftari.

Kosa lilikuwa la taa. Dirisha la Fundi lilizibwa na ukuta wa jirani mwaka juzi, na tangu hapo alishonea chini ya balbu ya manjano. Kila anayejifunza ushonaji huambiwa siku ya kwanza kwamba nyeusi na nyeusi hupatanishwa juani, kizingitini. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia. Lakini siku ya kukata mvua ilinyesha, na mkono ulikuwa unamwasha kwa hamu ya kazi. Jumatatu alipolitoa koti nje kulipiga brashi, kifua kilikuwa kijani kwa mbali, mgongo zambarau, na mikono rangi ya chai iliyolala. Alilitazama, likamtazama. Kitambaa cha kurekebishia hakikubaki, na marehemu hawaongezi makoti. Akalirudisha ndani, akalifunika.

Jumanne Mnara alikuja kujaribu. Jumatano akaja tena. "Mwambie sipo," Fundi alinong'ona mara zote mbili, na binti wa kaka yake akaenda kusema uongo mlangoni huku akitazama viatu vyake.

Binti huyu alikuwa akisoma chuo kikuu na alikaa kwa Fundi, shangazi yake. Alikuwa mpole wa sauti, miwani usoni, kitabu kwapani. Ijumaa alitakiwa kusimama mbele ya darasa kufafanua riwaya moja ya kale ya kutisha, na afadhali angemeza pini. Basi siku ya Alhamisi alikaa kwenye kigoda akijizoeza kwa shangazi yake, ambaye alikuwa anapinda mapazia ya watu.

"Kwa hiyo huyu mwanasayansi," alisema, "aliunganisha viungo vya maiti mbalimbali."

"Vya watu wa kimo kimoja?"

"Alichagua vikubwa, ili kazi isimsumbue."

"Hapo namwelewa. Vidogo vinapoteza sindano. Halafu?"

"Halafu yule kiumbe akafumbua jicho. Mwanasayansi akamwona mbaya, akakimbilia chumbani kwake kulala."

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. "Kulala."

"Alitembeatembea kwanza."

"Hakumsimamisha hata aone kama miguu inalingana? Alimpa jina gani?"

"Hakumpa."

"Miezi yote hiyo, hata jina? Mkasi wangu huu una jina."

Ni kweli. Mkasi uliitwa Wifi, kwa kuwa ulikata bila kuulizwa. Binti, ambaye mama yake ndiye wifi mwenyewe, alijitia hakusikia.

"Mhadhiri anasema kosa lake ni kiburi," aliendelea. "Alitaka kujua yasiyomhusu."

"Mhadhiri wenu amewahi kushona?"

"Sidhani."

"Basi andika. Kuunganisha si kosa. Kosa ni kuiona kazi yako kwenye mwanga, ukaichukia, ukakimbia. Fundi wa kweli anabaki. Anafumua, anabana, anaomba radhi. Huyo wako ni mwoga tu aliyesoma."

Binti aliandika neno kwa neno. Alipomaliza aliinua macho, akalitazama lile shuka la maua kwa muda uliozidi adabu.

"Shangazi, nyani..."

"Usimalize."

"Sijasema kitu."

"Na usiseme."

Mlango ukagongwa. Uligongwa juu sana, karibu na fremu, na mtaa ule mtu wa kugonga pale alikuwa mmoja.

"Mwambie sipo," Fundi alinong'ona.

"Nimwambie umekwenda kulala?"

Fundi alimkodolea macho. Mtoto asiyethubutu kuuliza swali darasani alikuwa ameshaweka penseli kwenye ukurasa wake na kushika ufunguo. Ulibaki muda wa kufanya jambo moja tu, na Fundi akalifanya: alijichomeka nyuma ya shuka.

Mnara aliinama, akaingia. Alichokiona ni maua, na chini ya maua ndara mbili zenye miguu ndani yake.

"Fundi yupo?"

"Yupo," binti alisema. "Anamalizia."

"Habari za kazi, Fundi," Mnara akaliambia shuka.

"Nzuri," shuka likajibu.

Hapo hapakuwa na pa kwenda tena. Fundi alitoka, nyuzi kichwani. "Baba, nimekukosea."

"Najua. Jana nilikiona kivuli chako chini ya mlango." Aliongea taratibu, akitazama sakafu. "Kama ukubwa wangu unakutisha ungesema tu. Nimezoea. Posta wameniweka nyuma na vifurushi, maana nikikaa dirishani wateja wanashtuka."

Fundi alishika pindo la shuka. Siku tatu alikuwa amewaza koti na jina lake mwenyewe. Mtu wa ndani ya koti hakumpitia akilini hata mara moja.

"Si wewe," alisema. "Ni hili." Akavuta shuka, akamtoa Mnara mpaka kizingitini, kwenye jua kali, akamvalisha.

Mnara alitazama kifua. Akatazama mkono mmoja, kisha wa pili. Binti alisogeza kioo ili aone na mgongo. Mabega makubwa yakaanza kutikisika, na Fundi akafumba macho.

"Baba na mjomba," Mnara alisema, naye alikuwa anacheka, "hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Hata nyeusi."

"Na baba mkubwa?" binti aliuliza.

"Huyo alikaa nyuma yao siku zote, akiwachochea." Alinyanyua mkono ajionee, na kwapani kukasikika uzi ukikatika. "Ila linabana, Fundi. Jumamosi nitamkumbatiaje mwanangu?"

Fundi alishaweka pini mdomoni. "Shima wima," alisema kupitia pini.

"Nini?"

"Amesema simama wima," binti alitafsiri.

"Nimezoea kuinama."

Fundi akatoa pini. "Na mimi nilikupima umeinama. Kosa la pili hilo. Simama ulivyo."

Mnara alinyooka, na pindo la koti likapanda vidole vitatu. Fundi alipiga magoti kuliteremsha. Kazi ilikuwa ya saa nzima au zaidi, na Mnara, alipochoka kutazama barabara, akauliza kile kitabu kinahusu nini. Binti alimweleza kwa kifupi, masikio yakimwaka.

"Na yule aliyetengenezwa," Mnara aliuliza, "yeye anasema nini?"

"Anaomba asikilizwe."

"Soma hapo. Mimi nimesimama tu."

Binti akafungua kitabu, akaanza kusoma na kutafsiri, chini chini mwanzoni, kisha kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. Mara mbili Fundi aliinua kichwa akitaka kusema la kwake juu ya yule mwanasayansi. Lakini mdomo ulikuwa umejaa pini, na binti wa kaka yake, akigeuza ukurasa bila haraka, alionekana kulijua hilo vizuri.