Mbuzi Aliyevaa Mahari ya Kaha

Ushawahi kumkimbiza mbuzi mtaa mzima, wewe una kanzu ya posa, yeye amevaa mahari yako?

Basi kaa. Haya yalinikuta mimi, Shueb, hapa hapa Gurei, Juba.

Nilimtaka Kaha, na Kaha alinitaka. Shida ilikuwa nyanya yake, Ayeyo Batula. Yeye alisema mahari ni mkufu wa riyali za kale, zile za fedha zenye picha ya malkia mnene. Bila mkufu, hakuna harusi.

Nikazisaka mtandaoni, nikaagiza tano. Zilipofika, wasiwasi ukanishika, maana feki huko ni nyingi kuliko nzi. Nikamwita jirani yangu Lokosang, muuza soda, aliyerudi kutoka Uganda akiwa anajua kila kitu.

"Ya zol, rafiki, tulia. Mimi iko najua hii kitu. Barafu ikikaa juu ya silva, inayeyuka haraka."

Akaweka barafu. Ikayeyuka fasta. Tukashangilia.

Kisha akaweka nyingine juu ya kiti cha plastiki. Nayo ikayeyuka. Jua la Juba, unalijua.

Lokosang akakitazama kile kiti kwa heshima. "Labda nayo iko na silva kidogo."

Tukahamia kwenye mwaka. Nne zimeandikwa 1780. Moja, 1820.

"Umeona? Mwizi iko mvivu, anarudia mwaka moja tu. Hii ya peke yake ndiyo ya kweli."

Nikaona hiyo ni akili kubwa. Nikamrekodia muuzaji matusi ya dakika nzima. Zile nne nikampa Lokosang bure, akamfunga nazo mbuzi wake shingoni zilie, maana alizoea kupotea.

Siku ya posa nikamkabidhi Ayeyo ile moja, nimeifunga kwa hariri, nikaomba muda kwa zilizobaki. Akaisogeza machoni.

"Shueb, malkia huyu alikufa 1780. Riyali zake zote zilizotengenezwa tangu hapo, hata za juzi, huandikwa mwaka huo. Hii nani kakuuzia?"

Nikauliza, "Na zenye 1780, Ayeyo?"

"Hizo ndizo. Ziko wapi?"

"Ziko na mbuzi."

Kaha akajifunika uso kwa mtandio. Sikujua analia au anacheka, na yote mawili yaliniuma.

Nikatoka mbio. Mbuzi kuona kanzu nyeupe inamjia, akatimua. Tukapita juu ya mafungu ya nyanya za watu sokoni, tukapita katikati ya kwaya iliyokuwa mazoezini. Wakadhani ni mila zetu, wakapiga vigelegele. Lokosang nyuma anapiga kelele, "Usivute shingo! Hiyo mahari!"

Nikarudi na mbuzi begani. Ayeyo akazigusa kwa ukucha lulu zilizochongwa begani kwa malkia, ambazo kwenye feki huwa bapa, sarafu moja baada ya nyingine.

"Hizi ni halisi."

"Kwa hiyo nimekubaliwa?"

"Zilizo halisi umemvalisha mbuzi, feki umeniletea kwenye hariri. Nikikupa mjukuu wangu, utaijua thamani yake?"

Machozi yalinilenga, mtu mzima.

Kaha ndiye aliyejibu. "Ayeyo, mimi namtaka hivyo hivyo. Na ile feki ikae katikati ya mkufu, mbele."

Ayeyo akaridhia, tukaoana. Mpaka leo, nikianza tu kusema "mimi najua," Kaha anaigusa ile feki shingoni, nami nanyamaza.

Ndugu yangu, ukinunua kitu mtandaoni, usimuulize anayejua kila kitu. Muulize nyanya ya atakayekivaa.