Kuku wa Paprika wa Bibi Ilona

Jamani, hili nimelificha hata kwa dada yangu, na nikilikumbuka nikiwa peke yangu garini najikuta naguna kwa aibu, ila leo acha niliseme.

Nilikuwa namtunza bibi mmoja wa Kihungari huko Gaithersburg, Marekani, Bibi Ilona, mwaka wa pili huo, tumezoeana mpaka ananiita binti yangu. Siku yake ya kuzaliwa ikawa inakaribia, na bintiye Judit akaniuliza kama naweza kumpikia mama yake kuku wa paprika, chakula cha kwao, na mimi kwa kiherehere changu nikajibu, "Mbona rahisi!" (Nilikuwa nimemwona Bibi akipika mara moja tu, tena nikiwa nakunja nguo.)

Siku yenyewe ilikuwa Ramadhani na nimefunga. Nikakaanga vitunguu kwa mafuta ya kawaida maana yale yao ya nguruwe siyashiki, nikaweka kuku, nikafungua kopo la paprika, ile pilipili yao tamu isiyowasha, nakuta kimebaki kijiko kimoja na daftari la mapishi la Bibi linasema vitatu. Duka lipo, dakika kumi kwa gari, lakini kwenye mkoba nilikuwa na pakiti ya pilipili ya unga niliyonunua Riverdale Park kwa ajili ya futari yangu, nikajiambia nyekundu ni nyekundu, nikamimina vijiko viwili vilivyojaa. Kuonja sikuonja. (Najua, ukigusisha ulimi ukatema saumu haiharibiki, ila mimi ni mwoga.)

Wageni wakaketi, wazee wanne wa Kihungari wamevaa vizuri, Bibi katikati. Judit akaninong'oneza, "Umeonja?"

"Nimeonja, kiko sawa kabisa."

Bibi alikula kijiko kimoja. Alikohoa mpaka meno ya bandia yakaangukia sahanini mbele ya wageni wake, macho yanamwaga machozi, Judit anakimbilia maziwa, mzee mmoja anampigapiga mgongoni, na mimi nimesimama na upawa kama sanamu.

"Ulisema umeonja!" Judit akanifokea.

Bibi, hata pumzi haijamrudia vizuri, akainua mkono kunitetea. "Usimfokee, Judit. Masikini amefunga. Tangu alfajiri hajagusa hata maji."

Judit akanitazama, akasema polepole, "Hata maji. Sasa ulionja nini?"

Bibi naye akanigeukia, akawa anangoja niseme kitu, halafu akashusha macho kwenye sahani yake. Heri angenitukana.

Jumatatu kampuni iliyoniajiri ikanipigia: familia imeomba mtu mwingine, nenda Landover, kuna mzee huko. Nilipopeleka ufunguo, Judit aliupokelea mlangoni. Bibi amelala, akasema. Saa tano asubuhi, na redio yake naisikia inaimba sebuleni.

Pilipili ningeomba radhi tukaimaliza. Kilichoniponza ni ule uongo, tena mdomo umefunga, mbele ya mtu aliyeniamini kuliko mwanawe. Siku hizi nikiulizwa kitu nisichokijua nasema sijui, hata nionekane mjinga, hata kazi initoke. Kuku wa paprika sijapika tena, na sitapika.