Sanduku Mgongoni mwa Isono

Minowa Isono, binti wa Kurata Seiji aliyevusha vifukofuko vya hariri mlimani theluji ikimfika kiunoni wala kisilowe hata kimoja. Mjukuu wa Kurata Mitsu, mkunga, ambaye nusu ya watu wa bonde la Nukazawa walidakwa na viganja vyake. Mke wa Minowa Kenkichi aliyebeba boriti ya mbele ya kijumba cha mungu wetu kikitembezwa mtaani kila vuli, tangu ndevu zilipomwota hadi zilipokuwa nyeupe. Yeye mwenyewe Isono alilea viwavi wa hariri mpaka kiwanda kilipofungwa, akawauguza wakwe wawili akawazika bila kunung'unika kwa sauti ya kusikika, akawashinda wanaume wa vijiji vya jirani katika mchezo wa kugonga mpira kwa nyundo, na akawa mtu wa kwanza huku kwetu kwenda kwenye karamu akiwa amebeba mashine mgongoni kwa mbeleko.

Hayo mengine kila mtu anayajua. Hili la mashine ndilo la kusimuliwa.

Mashine yenyewe ni ile ya kuushtua moyo uliosimama. Wakubwa wa mjini walitupatia moja, iko ndani ya sanduku la rangi ya chungwa, ukubwa wake kama mkoba wa mtoto wa shule. Na sisi watu wa Nukazawa kitu cha thamani tunajua kukitunza. Mzee Gisuke, mwenyekiti wa mtaa, alilifunga sanduku kwa kitambaa cha hariri, akaliweka katika kabati la ukumbi pamoja na bakuli nyeusi zinazotolewa siku za harusi tu, akatia kufuli, na ufunguo akauning'iniza kiunoni. Tulimsifu sana. Tulisema, huyu ndiye mwenyekiti.

Ikaja asubuhi ya kufyeka majani ya mifereji, siku ambayo kila nyumba hutoa mtu mmoja, na nyumba isiyotoa husemwa mwaka mzima. Kenkichi alikuwa anafyeka karibu na daraja. Alipiga goti kama mtu anayetaka kufunga kamba ya kiatu, kisha hakuinuka. Watu walimkandamiza kifua kwa zamu, walijua kufanya hivyo. Lakini Mzee Gisuke asubuhi ile alikuwa ng'ambo ya mto, juu kabisa, anafungua lango la maji, na ufunguo alikuwa nao kiunoni. Walipomwita, akashuka, akafungua, akakimbia na sanduku hadi darajani, lilifika likiwa bado ndani ya hariri yake, limefungwa fundo zuri. Ilibidi fundo lile lifunguliwe kwa meno. Vibandiko vilipobandikwa kifuani, Isono akiwa amekwisha kuitwa kutoka nyumbani, mashine ilimsikiliza Kenkichi, ikasema kwa sauti ya mwanamke mpole kwamba hakuna mshtuko wa kumpa, waendelee kukandamiza. Wakaendelea mpaka gari la wagonjwa lilipowaondolea kazi ile mikononi.

Baada ya mazishi Mzee Gisuke alikwenda kwa Isono, akaweka paji la uso kwenye mkeka, akakaa vile vile. Isono alimmiminia chai. Alimwangalia mtu yule, aliyesoma naye darasa moja, mkeka ukilowa machozi yake, akaona kuwa hana nafasi moyoni ya kumchukia. Nafasi yote ilikuwa imechukuliwa na Kenkichi.

"Mwenyekiti," akamwambia, "machozi yako sina pa kuyaweka. Nipe ufunguo."

Alitoa koti la sikukuu la marehemu, lile la buluu iliyokolea lenye jina la mtaa mgongoni, akalifumua, akashona mfuko wa kulitosha sanduku. Akachukua na mbeleko aliyowabebea wanawe. Tangu siku hiyo, palipokusanyika watu wa Nukazawa, Isono alikuwapo na sanduku mgongoni: kwenye kutwanga wali wa mwaka mpya, kwenye mpira wa nyundo, kwenye michezo ya shule, chini ya micheri inapochanua. Hakutaka kingine maishani ila hicho kimoja, kwamba mtu mwingine asilale chini huku sanduku limelala kabatini.

Walimcheka, na aliyeongoza kicheko alikuwa Amano Chiyono, mjane mwenye duka la tofu, ile jibini nyeupe ya maharage ya soya, mwenzake tangu dawati la shule. Mdomo wa Chiyono ulikuwa haujui mlango.

"Shoga, mbona mtoto wako hakui? Humnyonyeshi?"

"Angalau wangu halii ovyo," Isono alikuwa akimjibu, "si kama wako, alivyotukeshesha mtaa mzima."

Mtoto aliyesemwa ni Yasuo, mwana pekee wa Chiyono, mtu mzima sasa mwenye mvi, mpole kuliko mama yake, ndiye anayechemsha maharage alfajiri, na ndiye kiongozi wa kikosi chetu cha kujitolea kuzima moto.

Isono alimwomba mwenyekiti alete mwalimu, akaja mmoja kutoka kituo cha zimamoto na sanamu la mpira la kujifunzia. Yasuo alilikandamiza vizuri kuliko wote. Lakini Isono aliona jambo: sanamu lile lilikuwa na kifua cha mwanamume. Akauliza mbele za watu, na akianguka mwanamke je? Wanaume wakatazama ndani ya vikombe vyao vya chai. Mwalimu akaeleza kwa adabu kuwa nguo hufunguliwa vile vile, kibandiko lazima kiguse ngozi, ila si lazima kuvua zote. Chiyono ndiye aliyejibu.

"Mimi nikidondoka niacheni na nguo zangu. Atakayenifungua kifua mbele ya mtaa, nitarudi kila usiku nimkalie tumboni."

Watu walicheka hadi wakajifuta macho. Yasuo naye alicheka, masikio yakiwa mekundu. Njiani kurudi, Isono alimwambia mwenzake asiseme tena maneno kama yale mbele ya mwanawe. Chiyono akasema maneno ni upepo tu. Isono akamjibu kuwa upepo ndio uliompeperushia bati la ghala lake.

Kiangazi kikafika, na siku zile ambazo wafu hurudi kututembelea. Tukasimamisha jukwaa la ngoma katika uwanja wa hekalu, tukatundika taa za karatasi, na jua likiwa bado limeng'ang'ania mgongo wa mlima, duara la kwanza likaanza kucheza. Chiyono alikuwamo, amevaa kimono nyepesi ya maua aliyoshonewa na mama yake, na mshipi mpana ameukaza kama msichana. Isono alikaa kwenye benchi, sanduku mgongoni, anakula maharage mabichi ya kuchemsha na kumsemesha Kenkichi kimoyomoyo, kwa kuwa zilikuwa ni siku za kusemeshana.

Duara lilipozunguka mara ya pili, Chiyono alikaa chini. Kisha akalala. Wote tukacheka, maana alikuwa mtu wa vituko. Isono hakumtazama yeye, alitazama kipepeo cha kujipepea alichokuwa akicheza nacho kilivyoanguka vumbini na mkono usikifuate. Akaanza kufungua fundo la mbeleko huku anakwenda.

Yasuo alikwisha kufika. Alimtikisa mama yake mabega, akamwita, akasikiliza pumzi, akamwambia mpiga ngoma aite gari la wagonjwa, akaanza kukandamiza, yote kama alivyofundishwa. Isono akafungua kifuniko cha sanduku, na sauti ile ya mwanamke mpole ikasema: ondoa nguo kifuani, bandika vibandiko kwenye ngozi.

Mikono ya Yasuo ikasimama hewani. Mtaa mzima ulikuwa umewazunguka, wazee, watoto, wakwe, wageni kutoka mjini, taa zote zikimulika pale. Alimtazama Isono kama mtoto aliyetumwa kitu kinachomzidi nguvu.

"Shangazi, siwezi," akasema taratibu. "Alikataza."

"Alikataza kuonwa," Isono akasema. "Hakukataza kuishi."

Kisha akapaza sauti, ile sauti ya kuita mtu shamba la pili, akawataka wanawake waje wampe mgongo. Hakuwaambia zaidi, na hawakuuliza. Walikuja wote waliokuwa kwenye duara, bibi kwa wajukuu, wakasimama bega kwa bega kuwazunguka wale watatu, nyuso nje, migongo ndani, mikono wameitandaza. Mikono ya kimono ilivyo mipana ikagusana, ukawa ukuta wa buluu na nyeupe usiopitisha jicho. Nje ya ukuta Mzee Gisuke alikuwa amekwisha kuwageuza wanaume wote waelekee mlimani, wageni na watoto pia, naye mwenyewe, zaidi ya kugeuka, amefumba na macho, ili isibaki hata shaka.

"Kandamiza," Isono akamwambia Yasuo. "Na macho yako yaweke usoni kwangu, usiyatoe."

Akatwaa mkasi uliokuwa ndani ya sanduku. Mshipi ulikuwa mgumu, akaukata. Akakata na ile kimono ya maua. Kibandiko kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kimoja ubavuni kushoto chini ya kwapa, kama picha zake zinavyoonyesha. Akavua kitambaa cha kichwani mwake akamfunika mwenzake matiti. Hapo katikati ya ukuta wa wanawake palikuwa na kimya kama cha chumba cha uzazi.

Mashine ikasikiliza. Isono naye akasikiliza, na akajua anasubiri nini, kwa sababu alisubiri hivyo hivyo pale darajani. Safari hii ikasema: mshtuko unahitajika, mtu yeyote asimguse. Maneno hayo Kenkichi hakuyapata. Isono alimwondoa Yasuo mikono, akahakikisha hakuna aliyegusa hata pindo, akabonyeza kitufe chenye kuwaka. Mwili wa Chiyono ukaruka kidogo, ukatulia.

"Endelea, mwanangu. Usichoke sasa."

Yasuo akakandamiza, machozi yakimdondoka kwenye viganja vyake mwenyewe, macho usoni kwa Isono kama alivyoagizwa. Akakandamiza hadi mkono wa Chiyono ukajikunja, ukapanda polepole kifuani, ukapapasa huku na huku. Alikuwa hajafumbua macho bado. Alikuwa anatafuta ukosi wa nguo yake aufunge. Isono alimshika mkono ule, akauweka shavuni kwake, na wanawake waliosikia pumzi yake ikirudi wakalia bila kugeuka, maana hakuna aliyewaambia wageuke.

Hospitali ya mjini walimweka Chiyono siku nyingi. Isono alipanda basi na kibuyu cha mboga za chumvi, akamkuta amekaa, mweupe kama tofu yake.

"Nani alinifunua?"

"Mimi."

"Nani aliona?"

"Mtaa wote uliona mlima."

"Na mwanangu?"

"Alikuwa ananitazama mimi usoni, masikini, na uso wenyewe ndio huu."

Chiyono alicheka, akajishika ubavu kwa maumivu. Isono akamwambia amlaumu mwanawe, ndiye aliyemkamua kama maharage. Chiyono akauliza kimono ya mama yake. Isono akasema ataishona. Chiyono akasema ushonaji wa Isono anaujua tangu shuleni, heri waitumie kufutia sakafu. Kisha akageukia dirishani, na alichosema hapo hakukisema kwa mdomo wake wa siku zote: kwamba Yasuo huja kila siku, huishia mlangoni, huuliza wauguzi hali yake, huondoka.

Chiyono alirudi nyumbani majani ya milima yakianza kugeuka rangi, na mwana na mama wakawa wanaishi nyumba moja kama wapangaji. Isono akasikia tena kuwa Yasuo amerudisha koti lake la kikosi kwa Mzee Gisuke, akisema apewe mtu ambaye mikono yake haisimami.

Asubuhi Isono akaenda dukani kwa tofu. Yasuo alikuwa kwenye sufuria, mvuke umemzunguka. Isono hakununua kitu. Alifungua mbeleko, akaweka sanduku na mfuko wake wa buluu juu ya meza.

"Geuka nikufunge."

"Shangazi, hukuona mwenyewe? Mikono yangu ilisimama."

"Hata moyo wa mama yako ulisimama," Isono akasema. "Tuliutupa?"

Yasuo alijifuta mikono kwenye aproni, akageuka. Isono alimfunga kwa mafundo ya wazazi, yasiyofunguka yenyewe na yanayofunguka kwa mkono mmoja, akimwonyesha kila moja. Alisema magoti yake hayawezi tena kukimbia uwanjani, na sikukuu ya mavuno ni Jumapili. Yasuo akauliza kama anaweza kulitia mpini, alishike mkononi kama wanaume. Isono akakataa: kitu cha mkononi huwekwa chini, kikiwekwa chini hutafutiwa kitambaa, kisha kabati, kisha kufuli.

"Na akianguka mwanamke, ita wanawake wakupe mgongo kabla hujapiga goti. Lakini hilo uwaulize wakiwa wazima, nyumba kwa nyumba: wewe ukilala chini, nikufanyie nini? Mwenyewe akujibu kwa mdomo wake, usikie."

"Wote, shangazi? Nianzie wapi?"

Isono alisikiliza. Jikoni, nyuma ya pazia, mtu alikuwa anaosha vyombo taratibu kuliko inavyohitajika.

"Anza na huyo hapo ndani," akasema, akamsukuma kidogo mgongoni, juu ya sanduku. "Nenda. Mimi nitakuangalizia sufuria."