Saluni Isiyokuwepo

Mwanangu, iko Jumamosi moja ambayo hadi leo namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nilikuwa kijana, nimetoka Bukavu, naishi hapa ugenini, mtaa wa Troyeville, na kuimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu. Kila Jumamosi mchana nilikuwa Newtown, kwenye ukumbi mdogo, nikiigiza maisha ya mwimbaji wa Kifaransa: msichana wa mikahawa ya Paris aliyeingia kwenye filamu, akazeeka bado akiimba mapenzi yaliyomvunja moyo.

Kwetu, mwanakwaya akiimba nyimbo za dunia anavuliwa sare na kukaa benchi la nyuma. Niliogopa benchi lile. Nikamwambia Mama Feza, kiongozi wa kwaya, kwamba Jumamosi nasuka nywele saluni Jeppestown. Maskini, akaiombea saluni hiyo wateja mbele ya kanisa zima. Nikaitikia amina.

Jumamosi ile nikapanda jukwaani na gauni jeusi, nikamwona Mama Feza safu ya kwanza, mkoba magotini. Nikachelewa kuanza wimbo. Mpiga akodioni akarudia mwanzo mara mbili. Nikaimba nikilia kweli, watu wakadhani naigiza.

Baadaye akanifuata nyuma ya jukwaa.

"Saluni yenu kubwa, binti yangu. Hadi akodioni mnayo!"

"Mama, umejuaje?"

"Nilikwenda Jeppestown unisuke. Wasusi wakanionyesha tangazo la maonyesho lenye picha yako."

"Nirudishe sare?"

"Kwa kuimba? Yule mwanamke wako wa jukwaani amenikumbusha marehemu mume wangu. Lakini umeniacha nimwombe Bwana kwa ajili ya saluni isiyokuwepo. Hilo limeniuma. Kesho utalisema mwenyewe kanisani."

Nikalisema. Wazee wakanipa wiki mbili za benchi la nyuma, kwa uongo, si kwa nyimbo. Mwanangu, nilikaa pale nikipumua kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Maonyesho yakaendelea, na nusu ya kwaya ikaja kuniona.

Basi wewe unayewaficha wazee kazi yako, au shule uliyoacha, au mchumba wako, sema mapema. Si wote wana moyo wa Mama Feza. Wengine watafoka, nawe vumilia. Ila mtu anayekuombea mwambie ukweli, ajue anaomba nini.

Bwana akupe ujasiri wa kusema na mtu wa kukusikiliza kwa upole. Kazi yako aibariki hapa ugenini, na moyo wako uwe mwepesi. Amina.