Ufito Niliomchagulia Baba Mkwe

Baba yake Rehema, msichana niliyekuwa nikimposa, alipenda kuvua kwa samaki wa bandia anayeshtuliwashtuliwa majini. Mimi, ambaye sijawahi kushika ndoana, nikamwambia kuwa nami ni mvuvi hodari. Jumamosi akanipeleka kwenye duka moja la Kariakoo nimchagulie ufito wa kuvulia. Nikaazimia tusitoke dukani bila ulio bora.

Nilikataa fito tatu. “Huu mrefu, baba, utapiga maji. Huu laini mno, samaki wako hatashtuka.”

Kisha nikauona mmoja nyuma ya mlango, mfupi, mgumu, ncha yake inanesa. Nikautikisa kwa maringo mbele ya wateja. “Ndio huu!”

Mzee akaupapasa. “Mbona hauna pete? Mshipi utapita wapi, mwanangu?”

“Utapita tu, baba.”

Mwenye duka akakohoa. “Samahani, bwana. Huo siuzi. Nafukuzia paka.”