Swichi ya Kidakani kwa Bi Tumu

Mafundi wa mtandao hapa kisiwani Mombasa ni wengi, na wengi wao nisingewakabidhi hata balbu ya chooni kwangu. Wanakuja wameshachelewa, wanatoboa ukuta mahali ambapo hawakuambiwa, wanaondoka na simu zao zinazimwa. Nilisomesha watoto wa shule ya msingi mpaka nikastaafu, na mtu wa ovyo namtambua akiwa bado mlangoni. Kenga hakuwa mtu wa ovyo, na hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye yalisemwa mengi juu yake.

Ni Mgiriama wa Kaloleni, anakaa Likoni, na kila asubuhi anavuka Feri na mkoba wa waya mgongoni. Mrefu, mpole, mzito wa kusema. Wenye maduka walimbandika jina la Kenga Ngoja kwa sababu ya ada yake moja: hamwambii mtu nunua kifaa mpaka kwanza akilaze. Kukilaza ni neno lake mwenyewe. Maana yake kifaa kiwekwe katika nyumba ileile kitakamoishi, kifanye kazi, kipigwe na joto la nyumba hiyo na hewa yake ya chumvi, stima ikatike na kurudi, ndipo atoe neno. Mawakala wa forodha kule Kilindini hawakuwa na subira hiyo, wakamkimbia. Alibakiwa na watu wazima wa Mji wa Kale, ambao hawana haraka ya kwenda popote.

Mmoja wao alikuwa Bi Tumu, jirani yangu. Nyumba zetu zilitazamana kwenye kichochoro chembamba hivi kwamba tulipashana sahani ya mahamri dirisha kwa dirisha, na akikohoa yeye mimi nasema pole. Mumewe alikwisha fariki. Wanawe wawili, Faiz na Muhdhar, wako Toronto, wana wake na watoto na nyumba zenye ngazi za mbao. Mama alibaki peke yake ghorofani, na ufunguo wake wa akiba nilikuwa nao mimi.

Faiz ndiye aliyeleta mambo ya kamera. Alitaka moja mlangoni, moja ngazini na moja sebuleni, ili wamwone mama yao wakati wowote. Lakini nyumba zetu hizi ni za mawe ya matumbawe, kuta nene, intaneti ya hewani inafia chumba cha kwanza. Ikabidi zipitishwe waya, na waya zote zikutane kwenye swichi ya mtandao. Hiyo ni kisanduku cha chuma chenye matundu mbele. Kila tundu linatoa waya mmoja unaopeleka stima na mtandao kwa pamoja, kamera isihitaji waya wa pili. Kuna za kawaida, na kuna zenye akili, ambazo fundi anaweza kuzichungulia kutoka kwenye simu yake akaona kila tundu linafanya nini. Faiz alikuwa amesoma sifa za ile yenye akili huko kwenye mitandao na moyo wake ulishaipenda. Akamwomba Kenga aijaribu na amwambie kama inafaa.

Basi Kenga akailaza. Aliiweka sebuleni ndani ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani ambacho Bi Tumu alikuwa ameweka bakuli zake za kaure tangu arusi yake. Akawa anakuja mara kwa mara. Anapiga hodi chini, anapiga hodi tena katikati ya ngazi, anasubiri mpaka aambiwe karibu, hata kama mlango uko wazi. Akifika anaigusa swichi kwa kiganja kama mama anayepima homa. Anasikiliza kama inanguruma. Anazima stima ukutani na kuirudisha, anatazama kama kamera zinaamka zenyewe. Iliniudhi mwanzoni, mtu mzima kukaa kitako anatazama kisanduku, halafu nikazoea.

Mgomvi wake alikuwa kitambaa. Bi Tumu hakuweza kustahimili kuona chuma kitupu sebuleni kwake, kwa hivyo aliifunika swichi kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, kama alivyofunika redio na televisheni. Kenga anakiondoa.

"Mama, itapata joto, itakufa."

"Haifi, mwanangu. Ni kitambaa chepesi. Wanangu wakitazama waone nyumba ina adabu."

Kenga akiteremka ngazi, kitambaa kinarudi. Mwisho fundi akaihamishia kidaka cha juu kabisa, karibu na dari, ambako mkono wa Bi Tumu haufiki. Tulicheka sana siku hiyo, na Bi Tumu alinuna mpaka chai ya jioni.

Sasa kuna jambo moja ambalo lazima lieleweke. Kamera zile zina vitaa vidogo vinavyoanza kung'aa wekundu hafifu giza likiingia, ili ziweze kuona gizani. Zinawaka zenyewe, mtu awe anatazama au hakuna. Bi Tumu hakujua hivyo. Alivyoelewa yeye, kile chekundu ni wanawe wamefungua dirisha. Na ilimwingia akilini, kwa sababu magharibi ya Mombasa ni asubuhi ya Toronto.

"Ndio wameamka," aliniambia. "Wanywa chai, wanitazama."

Kwa hivyo kila akimaliza kuswali magharibi alivaa kanga iliyopigwa pasi, akachoma udi, akaketi kwenye kiti kinachoelekea kamera. Akawaamkia kwa majina, wao na wake zao na wajukuu. Akawapa habari: nani kaoa, nani kafa, bei ya papa mkavu. Mimi nilizoea kwenda kwake saa hizo tukapiga soga, lakini akaniambia kwa upole kwamba huo sasa ni wakati wa watoto. Nikawa nafunga dirisha langu nisisikie maneno ya mtu na wanawe.

Na wanawe? Kabla ya kamera walipiga simu karibu kila siku. Baada ya kamera simu zikawa za Ijumaa, kisha za Ijumaa moja moja. Wapige za nini, na mama wanaye mfukoni? Siku moja nilikuwepo alipomuuliza Faiz kwenye simu kama wanamwona. Faiz akajibu haraka haraka, na nyuma yake magari yanalia, "Tunakuona, mama, tunakuona." Alifurahi mpaka akanishika mkono.

Kenga ndiye aliyegundua. Alikuja barazani kwangu uso umemshuka, akanionyesha simu yake. Picha za kamera, alinieleza, zinahifadhiwa ndani ya kamera yenyewe. Haziendi mbali mpaka mtu wa mbali azifungue, na akizifungua, mstari wa tundu lile kwenye swichi unapanda. Mstari wa kamera ya mlangoni ulikuwa umepanda mara chache. Wa sebuleni ulikuwa umelala chini, umenyooka, tangu siku alipoiweka.

"Hakuna aliyefungua, Mwalimu," alisema. "Hata siku moja."

Nilihisi hasira imenipanda mpaka masikioni. Nilimwambia amwandikie Faiz wazi wazi. Naye akaandika. Aliandika kwamba swichi ni nzuri, haina kelele, joto lake ni la kawaida isipofunikwa, stima ikikatika inarudi yenyewe, na kamera ikiganda inaizima na kuiwasha bila mtu kupanda ngazi. Kisha akaongeza kwamba kamera ya sebuleni haijafunguliwa na mtu yeyote, na mama anaikalia kila magharibi.

Jibu la Faiz Kenga alinisomea kwa sauti, maana hakuamini. "Ahsante sana fundi. Kwa hivyo intaneti haitumiki nyingi, vizuri. Tununue hiyo hiyo yenye akili. Wewe endelea kuiangalia kutoka huko."

Labda alisoma akiwa barabarani. Labda hakusoma mpaka mwisho. Nimejaribu kumtetea moyoni na nimechoka.

Kenga alipokuja kumalizia kazi, Bi Tumu alimkalisha akampa kahawa, akamuuliza. "Niambie kweli, mwanangu. Wewe ndiwe wajua vyombo hivi. Hawa wanangu wanitazama kweli, au nasema na ukuta?"

Kenga ni mlokole wa kanisa dogo la Likoni, kusema uongo hajui. Kumwambia kweli hakuweza. Ikabidi mimi niingilie na habari za samaki.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo hakuniambia mpaka zilipopita siku. Faiz alikuwa amemwachia ruhusa ya kuzifungua kamera kwa ajili ya kazi. Basi kila magharibi, awe kwenye foleni ya Feri au ameshafika kwake, alitumia bando lake mwenyewe kuifungua kamera ya sebuleni kwa Bi Tumu. Mstari ukapanda. Siku aliyoulizwa tena akajibu bila kumung'unya maneno, "Mama, kila magharibi kuna anayekufungulia."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Tumu.

Mimi nilimuuliza Kenga, wewe sasa unamtazama mwanamke ndani kwake? Alishtuka kama nimemzaba kofi. "Mwalimu, mimi? Nikishafungua nazima sauti, naigeuza simu kifudifudi. Nikiwa kwenye Feri naitia mfuko wa shati, kioo kifuani. Sijamwona hata siku moja. Ni mama wa watu, yuko kwake."

Nilimwona ni mtu wa heshima kuliko wengi walionusa udi maisha yao yote. Na bado namwona hivyo.

Halafu ikawa siku ile. Asubuhi dirisha la Bi Tumu halikufunguka. Niliita, nikasikia sauti ndogo sana ikijibu kutoka chini, si mahali sauti ya mtu mzima inapotoka. Nilivuka kichochoro na ufunguo, kufuli inanikataa.

Alikuwa sakafuni chini ya kile kidaka cha juu, stuli imepinduka kando yake. Mguu mmoja umekaa vibaya. Mkononi alikuwa bado ameshika kitambaa cha kudarizi. Jana yake, taa za kamera zilipowaka, alitazama juu akaona kile chuma kitupu, akaona haya mbele ya wanawe, akapanda stuli akifunike. Kanga alikuwa amejitanda vizuri kichwani, hata pale chini, na uso ameuelekeza kwenye kamera.

Nilipiga magoti nikamshika. Nilikuwa nalia na kumfokea kwa pamoja. "Bi Tumu! Mbona hukupiga kelele? Mimi niko hapa, dirisha kwa dirisha! Ungeniita mara moja tu!"

"Nipige ukemi wa nini, Fadhiya," alisema, midomo imemkauka. "Si wanangu walikuwa wanitazama? Nalijua watakupigia simu uje. Nalikungoja."

Nyonga ilikuwa imevunjika, na baridi ya sakafu ilikuwa imemwingia kifuani. Hospitalini daktari alisema maneno yale ambayo madaktari husema wakiwa wanatazama viatu vyao. Nikampigia Faiz mwenyewe. Akakata tiketi siku hiyo hiyo, na njiani, kwa mara ya kwanza, akafungua hayo mambo ya swichi yake yenye akili. Akaona mstari wa sebuleni umepanda jioni ile mama yake alipoanguka, maana yake kulikuwa na mtu anatazama.

Alimpigia Kenga kutoka uwanja wa ndege. Kenga hakumkatalia. Alisema, "Ni mimi, kaka."

"Ulikuwa unatazama, na ukamwacha mama yangu sakafuni?"

"Simu ilikuwa kifudifudi."

Mimi nilikuwa karibu, nilisikia kelele zilizofuata. Mpelelezi, mwizi wa aibu za watu, mtu wa nyika asiyejua ustaarabu, hili na lile. Kenga aliiweka simu sikioni mpaka zilipokwisha. Hakusema kwa nini alikuwa akiifungua kamera hiyo. Nilitaka kuinyakua simu niseme mimi, akatikisa kichwa.

Faiz alipofika wodini alikuwa bado na begi begani. Alilia, akaibusu mikono ya mama yake. Kenga alikuwa amekuja kumwona mgonjwa, amesimama mlangoni na machungwa kwenye karatasi, haingii kwa sababu hajakaribishwa. Faiz alipomwona akainuka, na nilijua anakwenda kumtukana mbele ya watu.

Bi Tumu akamvuta mkono wa shati.

"Keti, baba. Usijitie tabu tena." Pumzi ilikuwa yamkatika, kila neno analipumzikia. "Pole mwanangu. Naliona vile vitaa. Haviku... havikuzimika. Kazi hamkwenda siku ile, wewe na nduguyo. Kutwa nzima mwakaa kunitazama mama yenu, na mko mbali, hamna la kufanya. Nalikuwa nawaonea huruma."

Faiz alisimama pale, mkono wake umeshikwa. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Kenga, na nadhani ndipo alipokumbuka ule ujumbe wa fundi na maneno yaliyokuwa mwishoni mwake. Akaketi.

"Naam, mama," alisema. "Tulikuwa tunakutazama."

Kenga aliyaweka machungwa chini kizingitini, akaondoka.