Ufuta Ndani ya Injini

Wakati wa Mdachi, mume wangu Alois alitunza mashine ya unga ya Bwana Rahemtulla, Morogoro mjini. Injini yake ilikuwa ya boti, imepandishwa kwa treni kutoka pwani. Siku moja ikishapata moto na kuzunguka polepole, mshale wa kupima nguvu ya mafuta ukawa unaanguka. Ikikazwa mwendo, mshale unapanda. Rahemtulla akasema, "Beringi zimelika. Umeniulia mashine, Alois. Jumamosi tafuta kazi nyingine."

Alois akaiendea injini. Akazima, akachovya kidole kwenye mafuta, akayasugua, akayanusa. Kisha akaja nyumbani.

"Mama Rosa, debe la mashineni nililokuazima ulilirudisha na nini ndani?"

"Mafuta ya ufuta. Chombo cha watu nitakirudishaje kitupu? Mimi nimefunzwa."

"Nami nikajazia ya mashine juu yake bila kutazama, nikayatia yote kwenye injini! Ufuta ukipata moto huwa mwepesi mno, mshale utasimamaje?"

Nilidhani atanigombeza. Akacheka mpaka akaketi chini, akasema kosa atalibeba yeye. Nikakataa. Mimi si mtu wa kufichwa nyuma ya mume. Nilikwenda nikamwambia Rahemtulla mwenyewe. Alois akamwaga mafuta yale, akatia mengine, akawasha. Injini ikapata moto, ikazunguka polepole, na mshale haukuanguka.

Rahemtulla akaniangalia. "Kwetu pia chombo hakirudi kitupu, mama. Lakini sisi hutia sukari."

"Ungependa sukari kwenye injini?"

Alois aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Jumatatu alikwenda kazini.